Shelta mpya ama ya mtumba? Kisa cha kampuni moja ndogo ya intaneti Nairobi

Majina ya kampuni, mitaa na watu nimetoa, na bei nimezizungusha kidogo ili mtu asijue ni nani, lakini uwiano wa hizo bei uko vile ulivyokuwa. Mimi niliitwa kama mtu wa nje wa kukagua na kutoa maoni, pesa haikuwa yangu na sahihi ya mwisho haikuwa yangu.

Hali ilivyokuwa

Kampuni yenyewe inauza intaneti kwa nyumba za kupanga na biashara ndogo upande wa mashariki wa jiji. Walikuwa wamekua haraka, vifaa vyao vyote viko kwa chumba kimoja chini ya ngazi za ploti ya mtu, feni mbili zinapuliza mchana na usiku, na mwenye ploti ameanza kulalamika juu ya joto na kelele. Wakapata vipande viwili vya ardhi vya kukodi. Cha kwanza kiko kule tambarare, udongo mweusi ule wa black cotton, hapo ndio palikuwa pawe kituo kikuu chenye raki tatu (fremu za kufungia vifaa), rektifaya za volti 48 (za kugeuza stima ya kawaida iwe ya kulisha vifaa na kuchaji betri), benki mbili za betri na jenereta nje. Cha pili kiko juu mlimani upande wa magharibi, raki moja tu ya kurusha mawimbi, mzigo wake haufiki hata kilowati moja.

Vituo vyote viwili vilihitaji nyumba ya vifaa, yaani shelta. Na walikuwa na presha ya muda, kwa sababu mteja mmoja mkubwa alikuwa amesema kabla mwaka uishe kituo kikuu kiwe kinafanya kazi, la sivyo anahama.

Kwa wale hawajawahi kuingia ndani ya moja, shelta ni chumba cha paneli za sandwichi, yaani bati mbili zenye povu gumu la poliyurethane katikati, kimekaa juu ya fremu ya chuma, ndani kuna sakafu ya kubeba uzito, AC mbili, sahani ya kupitisha kebo, baa za kopa za athi (za kupeleka radi na stima iliyovuja ardhini) na taa. Nchi yetu iko na nyingi za mtumba kwa sababu siku za 2G vifaa vya mnara vilikaa ndani ya chumba chenye AC, lakini sasa redio zinafungwa juu mnarani kabisa na vifaa vya chini vinaingia kwa kabati la nje, kwa hivyo wenye minara wanaondoa shelta na zinaishia kwa yadi za watu.

Bei mbili mezani

Shelta mpya ya mita 3 kwa 2.5 ilikuja kwa kotesheni ya KSh 1,350,000 kabla ya VAT, na AC mbili ndani yake, feni ya kupuliza hewa ya nje, baa za athi, kila kitu. Kusubiri ni wiki kumi hadi kumi na mbili, paneli zinakuja na meli mpaka Mombasa halafu zinapanda treni hadi Embakasi.

Ya mtumba, broka alikuwa nazo mbili za saizi karibu hiyohiyo kwa yadi ya upande wa Mombasa Road. Alianza na 420,000 akashuka hadi 380,000 kila moja. "Boss wangu, hii ni chuma ya Ulaya, ukiweka leo kesho unawasha." Bosi alipiga hesabu ya kichwa akaona anaokoa karibu milioni moja kwa kila kituo na uso wake ukabadilika, nilimwona.

Kulikuwa na wazo la tatu, kontena la futi 20. Si unajua vile Nairobi kila kitu ni kontena, duka, kinyozi, klabu. Kontena tupu lina uzito wa karibu tani 2.2 na bei yake si mbaya, lakini ukuta wake ni bati moja bila povu, mchana linakuwa jiko na usiku baridi ikishuka unyevu unageuka matone kwa dari na kudondokea vifaa. Unaweza kulipaka povu ndani, ulifanyie sakafu, ulikate mlango, na ukimaliza umetumia pesa ya shelta. Hilo tuliliacha mapema.

Dada wa hesabu ndiye aliuliza swali ambalo mainjinia wote walikuwa wameruka, "Huyo wa yadi anatoa invoisi ya eTIMS?" Yaani ile ya mfumo wa kielektroniki wa KRA, watu wa ushuru. Hatoi. Anaandika risiti ya kitabu. Tangu 2024 KRA haikubali gharama ambayo haina invoisi ya eTIMS, na kampuni ikiwa imesajiliwa kwa VAT ile 16% ya shelta mpya unaidai nyuma. Kwa hivyo 380,000 na 1,350,000 hazikuwa namba za aina moja. Baada ya kuvutana, broka alikubali kuuza kupitia kampuni ya rafiki yake yenye eTIMS na bei ikapanda kidogo, hiyo sitaiweka kwa hesabu ya chini ili isichanganye.

Na karatasi za umiliki pia. Shelta iliyotoka kwa mnara ni lazima iwe na barua ya mauzo kutoka kwa aliyeitoa. Kuna sheria ya vyuma chakavu ya 2015, na 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa muda sababu ya watu kuharibu minara ya stima. Usinunue shelta bila karatasi halafu polisi wakupate nayo juu ya lori usiku.

Yadi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio palikuwa na somo lenyewe. Kukagua shelta ya mtumba watu huangalia rangi na mlango, wanafungua AC wanasikia inanguruma, basi. Rangi ni ya elfu kumi na tano tu. Kitu cha kuangalia ni maji yameingia wapi.

Tulianza chini. Tuliomba iinuliwe na jeki pande mbili tuone fremu, kutu ya juujuu haina shida lakini kutu inayotoka vipande ukigonga na nyundo ni shida, na masikio ya kuinulia tuliyaangalia kwenye kiungo cha kuchomelea kama kuna ufa, kwa sababu hapo ndipo kreni itashika tani tatu hewani. Halafu sakafu, bisibisi kwa kona na karibu na mlango. Ya kwanza ilikataa bisibisi. Ya pili ilimeza bisibisi karibu yote, plaiwudi chini ya vinyl ilikuwa imekuwa ugali. Na hiyo sakafu ingewekewa betri: seli za volti 2 za saa-ampea 600, moja ina kilo thelathini na kitu, na benki ya volti 48 ni seli 24. Karibu tani moja ikikaa kwa nafasi ya kitanda.

Paneli tulizigonga kwa ngumi mita kwa mita, ikishikana vizuri inatoa sauti nzito, povu likiachana na bati unasikia sauti ya debe. Ile ya pili ililia debe ukuta mzima wa nyuma. Halafu tukaomba mpira wa maji, nusu saa juu ya paa, na mtu ndani na tochi. Halafu kinyume chake, mchana jua kali, unajifungia ndani giza, unasubiri macho yazoee na unatafuta nukta za mwanga. Mahali mwanga unaingia maji yanaingia, na nyuki pia, usicheke, mafundi wa minara wanajua.

Ile ya kwanza ilivuja mahali pamoja tu, kona ya juu ambapo AC ya zamani ilikuwa imeshikwa. Baa za athi hakuna, zilikuwa zimeng'olewa zamani, hiyo ni kawaida, kopa haibaki. AC mbili zilikuwapo lakini zote za R22, gesi ya kupoza ya zamani inayoharibu ozoni, ambayo kwa mkataba wa Montreal wa kulinda ozoni nchi kama yetu zinafaa kuwa zimeachana nayo karibu kabisa ifikapo 2030, kwa hivyo gesi inazidi kuwa ghali.

Tukaketi na kuandika upya hesabu ya mtumba vile ninaamini inafaa kuandikwa: unanunua fremu, sakafu na paneli kavu, kila kitu kingine weka sufuri. Shelta 380,000. Lori ya kreni na vibali 95,000. Kona na paa 70,000. AC mbili mpya za BTU 18,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) ni 190,000. Nyaya, taa na boksi ya swichi 60,000. Baa za athi 45,000. Sahani ya kebo 30,000. Vinyl 25,000. Jumla 895,000. Mpya pamoja na kuipeleka ingefika kama 1,410,000. Akiba bado ipo, karibu nusu milioni, lakini si ile milioni ya kichwani.

Uamuzi na sababu zake

Ukimuuliza mtu yeyote atakwambia mpya iende kituo kikuu na mtumba uende kule mlimani kwa raki moja. Na bosi alikuwa anataka hivyo. Ikageuka kinyume, na sababu ilikuwa barabara.

Shelta ya mtumba ilikuwa kipande kimoja kilichochomelewa, huwezi kuitoa paneli, inaenda nzima. Barabara ya mlimani ni ya mtu kupita na pikapu, kona moja kali, juu yake waya wa stima, kreni haifiki. Shelta mpya inakuja vipande, vijana sita wanabeba paneli kwa mabega. Kwa hivyo mtumba ukaenda tambarare ambako lori inaingia, na pia kwa sababu ya muda, wiki kumi na mbili zingetupeleka mwaka mpya na mteja angekuwa ameshahama. Mpya ikaagizwa kwa mlima, ambako hakukuwa na haraka. Ya pili ya yadi, ile ya sakafu ya ugali, tuliikataa hata broka aliposhuka hadi 250,000.

Mimi nilisema wazi kwamba mlimani sioni haja ya shelta kabisa, mzigo wa chini ya kilowati unaingia kwa kabati la nje la nusu ya hiyo bei. Bosi akakataa, anataka chumba cha kufungwa kwa sababu ya wizi na mafundi wake wasifanye kazi kwa mvua. Ni sababu ya kueleweka, ingawa bado naona ni pesa nyingi kwa raki moja.

Kulikuwa pia na ubishi mrefu juu ya paneli, milimita 75 ama 100. Nikawapigia hesabu. Shelta ya saizi hiyo ina ukuta na paa mita mraba 36 hivi. Povu la milimita 75 linapitisha takriban wati 0.3 kwa kila mita mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Hata tofauti ikiwa nyuzi 15 kwa sababu ya jua, ni wati mia na sitini na kitu. Vifaa vya kituo kikuu peke yake ni kama kilowati 3 na karibu zote zinageuka joto humo ndani. Joto liko ndani, si jua. Paneli nene haitakuokoa kama AC zako ni mbovu.

Halafu hapo ndipo bosi akakata kona. Ile 190,000 ya AC aliona ni nyingi, akanunua moja mpya na kusema moja ya R22 ibaki kama spea, "hii si inanguruma tu vizuri?" Injinia wake kijana alinyamaza. Nikaandika kwa ripoti kwamba sikubaliani, basi.

Kupeleka na kusimamisha

Tambarare walichimba ule udongo mweusi ukatoka wote hadi kufika chini kwenye ardhi ngumu, wakajaza hardcore na murram, wakamwaga slabu. Black cotton inavimba ikilowa na kupasuka ikikauka, ukijenga juu yake moja kwa moja shelta itainama na mlango utakataa kufunga. Hiyo kazi ilifanywa vizuri sana na mkandarasi wa mtaani, nampa heko.

Shida ilikuwa bolti. Zilimwagwa pamoja na slabu kwa vipimo vya mchoro ambao broka alituma kwa WhatsApp, na mchoro ulikuwa wa shelta nyingine kabisa. Shelta ikiwa inaning'inia kwa kreni, kreni inalipwa kwa saa, matundu ya fremu na bolti haviangaliani. Walikata bolti na grainda, wakaishusha, siku iliyofuata wakatoboa upya na kuweka bolti za gundi ya kemikali. Tepu ya kupimia ya mia tatu ingemaliza hiyo yote.

Mzee mwenye shamba naye alikuja akasimama, akaangalia mlango unaelekea wapi, akasema, "Vijana, mvua ya hapa hutoka upande huo." Mlango ulikuwa umeelekezwa hukohuko. Walikuwa na heshima ya kumsikia, kreni ikaigeuza kabla ishuke.

Novemba kituo kikawaka, mteja mkubwa akabaki.

Miezi iliyofuata

Januari na Februari ndio joto la Nairobi. AC ya R22 ilipoteza gesi, ikajazwa, ikapoteza tena. Ikabaki ile mpya peke yake, BTU 18,000 ni kama kilowati 5.3 kwa hivyo kwa karatasi inatosha kabisa. Lakini stima ya huko jioni inashuka hadi karibu volti 180, kompresa inajizima kujikinga, na hakuna mtu aliyejua kwa sababu kengele ya joto haikuwa imefungwa, ilikuwa kwa orodha ya "baadaye". Fundi alifungua mlango siku moja akakuta nyuzi 41. Waliporudi kuangalia rekodi za rektifaya ilionekana jioni nyingi chumba kilikuwa juu ya 35.

Betri za asidi zilizofungwa hupenda nyuzi 20 hadi 25, na kila nyuzi 10 juu ya hapo maisha yake yanakatika nusu. Betri zilikuwa mpya. Kipimo cha uwezo baada ya hapo kilionyesha benki moja imeshuka kuliko nyingine, ile iliyokaa upande ambao hewa ya AC haifiki. Bosi akanunua AC ya pili na kidhibiti cha volti. Alichookoa kwa AC alikilipa, halafu akalipa tena.

Sanduku lenyewe la mtumba, fremu, sakafu, paneli, halikuwa na shida hata moja, masika yote hakuna tone.

Mlimani shelta mpya ilifika ikiwa imechelewa wiki kadhaa zaidi, ikasimamishwa kwa siku mbili, safi, inang'aa. Aprili mvua ikaanza na maji yakaonekana juu ya raki. Mpya! Bosi alinipigia simu akiwa amekasirika, "Injinia, si ulisema hii ni bora?" Nilipofika nikakuta vijana wa kampuni walikuwa wameongeza kebo mbili na badala ya kutumia sahani ya kebo wakatoboa paneli na drili, silikoni kidogo, na kebo imeingia ikiteremka moja kwa moja kutoka mnarani. Kebo inafaa ishuke chini ya tundu kwanza halafu ipande kuingia, ndio maji yadondokee nje. Aliyeuza shelta alikataa garantii kwa sababu tundu si lake, na kusema ukweli alikuwa na haki.

Kitu kizuri cha huko ni ile feni ya hewa ya nje. Ni juu, ni baridi, AC karibu haiwaki, bili ya stima iko chini sana. Hiyo feni ukiipeleka kule tambarare vumbi lingeziba chujio kila wiki.

Athi pia iliwashangaza. Tambarare walipima upinzani wake mwezi wa mvua wakapata chini ya omu 5 (ikiwa ndogo ndio bora), wakafurahi. Februari udongo ukiwa umekauka na kupasuka ikapimwa ikawa zaidi ya mara mbili. Waliongeza nguzo za kopa na kuzipeleka chini zaidi. Mlimani ni mwamba, huko ilibidi walaze waya mrefu kwa mtaro kuzunguka uwanja mzima.

Kilichofanya kazi na kilichokataa

Ukaguzi wa yadi ulilipa gharama yake yote kwa kukataa shelta moja. Kuchagua kwa barabara na kwa muda badala ya kwa umuhimu wa kituo kulifanya kazi, na naona watu wengi hawafikirii hivyo, wanadhani mpya ni ya mahali pa heshima na mtumba ni wa mahali pa kusahaulika. Kama lori ya kreni haifiki, mtumba wa kipande kimoja hauna bei, hata upewe bure.

Kilichokataa ni kuchukulia vifaa vya ndani ya mtumba kama zawadi. AC ya R22 haikuwa bure, ilikuwa deni. Na kengele ya joto, kitu cha elfu chache, iliachwa nje kwa sababu kila mtu alikuwa anaangalia shelta kana kwamba ndio mradi, wakati mradi ni betri na vifaa kukaa chini ya nyuzi 25 na kukauka.

Kwa upande wa mpya, kuna imani kwamba ikiwa mpya hakuna wa kuisimamia. Mkataba wake haukusema nani anaruhusiwa kutoboa, wala haukuwa na siku ya kukagua pamoja baada ya mvua ya kwanza. Ile ya mtumba ilimwagiwa maji nusu saa kabla ya kulipiwa, mpya haikumwagiwa hata kikombe.

Saa hii

Wanapanga kituo cha tatu, raki mbili, mahali pa lami na nafasi ya kreni. Bosi ametuma picha za shelta mbili kutoka yadi nyingine na ameuliza kama jeki iko. Kotesheni ya kabati la nje pia iko mezani, safari hii aliiomba mwenyewe.